Mrejesho: vifaranga wangu wa broila, Nyegezi, Mwanza

Wakuu, wale vifaranga 100 niliowalilia wiki jana, wa siku mbili, wamejikunyata na kinyesi kimewaganda nyuma, nikauliza humu shida ni nini: mliosema baridi mlipatia. Upepo wa ziwa ulikuwa unapenya bandani usiku, na mimi nazima jiko la mkaa saa nne eti nabana matumizi! Nimezungushia turubai, juu nikaacha nafasi hewa ya mkaa itoke. Joto lilipofika nyuzi 33 usawa wa migongo yao, wakatawanyika wenyewe.

Wadhaifu niliwatenga kwenye boksi, nikawachovya midomo kwenye maji vuguvugu yenye glukosi. Nyuma nililainisha kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, bila kuvuta.

Wamekufa saba. Mmoja bado anachechemea, mama watoto kashampa jina.