Tunaridhia mikataba ya haki za binadamu, halafu mjane wa Rungwe ananyimwa urithi kwa tangazo la sheria za kimila la 1963. Wabunge wa Nyanda za Juu Kusini mko wapi?

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, ila naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaandika kwamba "haya ni mambo ya wazungu". Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niufungue. Nimeambiwa hivyo hadharani, kwenye kikao cha kata, na kiongozi ambaye sisi wenyewe tulimpa kura. Nilikuwa nimeuliza jambo moja tu: mikataba ambayo Bunge limeridhia itakuwa lini sheria inayofanya kazi mahakama ya mwanzo?

Mimi ni msaidizi wa kisheria, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nipo Rungwe, na asilimia kubwa ya kazi yangu ni mirathi na ardhi. Nawaeleza ninachokiona.

Mume anafariki. Matanga hayajaisha, ukoo umeshaitisha kikao. Muhtasari unaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, majina na sahihi za wajumbe chini, muhuri wa mtendaji pembeni, unapelekwa mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Wa mwisho nilioushika ulikuwa na orodha ya mali kuanzia migomba, shamba la chai, nyumba ya bati, mpaka ng'ombe wa maziwa ambaye yule mama alimnunua kwa pesa ya parachichi zake. Jina lake yeye halikuwemo popote. Si kwenye wajumbe, si kwenye warithi. Msimamizi wa mirathi aliyependekezwa ni mdogo wa marehemu, anayeishi Mbeya mjini na shambani huonekana kwa nadra. Nilipohoji, shemeji akamgeukia mama, kwa upole kabisa: "Shemeji, wewe tulia tu, watoto watakutunza."

Watu wanadhani shemeji huyo alijitungia. Hapana. Alikuwa anatamka sheria ya nchi. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoweka sheria za kimila kwenye maandishi, linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mabinti wamewekwa daraja la mwisho kati ya madaraja matatu ya warithi, na ardhi ya ukoo wanaruhusiwa kuitumia tu, kuiuza hapana. Hiyo karatasi ya 1963 bado inatumika kugawa mashamba yetu.

Sasa weka pembeni yake yale tuliyoahidi mbele ya dunia. Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, maarufu CEDAW, tumeuridhia 1985. Itifaki ya Maputo, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, tumeiridhia 2007, na Ibara ya 21 inasema mjane ana haki ya kupata sehemu ya haki katika mali ya mumewe na kuendelea kuishi kwenye nyumba ya ndoa. Imeandikwa wazi kabisa. Lakini kwa mfumo wetu, Bunge kuridhia mkataba chini ya Ibara ya 63 ya Katiba hakuufanyi kuwa sheria ya ndani. Lazima itungwe sheria nyingine ya kuuingiza, na isipotungwa hakimu wa mahakama ya mwanzo anabaki na tangazo lake la 1963. Kwa hiyo tunasaini, tunapigiwa makofi nje, nyumbani hakibadiliki kitu.

Na Katiba nayo! Ibara ya 9 inaitaka serikali ilinde heshima ya binadamu kwa kufuata Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu. Vizuri. Ila rudi Ibara ya 7: sehemu hiyo ya Katiba haiwezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Jamani, haki ambayo huwezi kuidai mahakamani utaidai wapi?

Msiniambie majaji wetu hawawezi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, kwenye kesi ya Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, alikuta mwanamke wa Kihaya anazuiwa kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Jaji akachukua CEDAW, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Tangazo la Dunia, akaamua mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu hapo! Halafu wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe kwenye nyumba zao, wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ikakiri mila hizo zinabagua, na bado ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa 2010 kwa sababu za kiufundi. Wakafika mpaka Kamati ya CEDAW ya Umoja wa Mataifa, na 2015 Kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao, iwalipe fidia na kurekebisha sheria. Wajane wawili wamezunguka nusu ya dunia kudai paa la nyumba yao, na mimi naambiwa haya ni mambo ya wazungu!

Ndoa za utotoni ni hadithi hiyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga na kushinda Mahakama Kuu 2016, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, badala yake ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Huo mwaka mmoja ulipita, ikafuata mingine bila marekebisho. Na mwezi mmoja tu baada ya kushindwa rufaa hiyo, Novemba 2019, serikali ikatangaza kuondoa ridhaa yake kwa mwananchi wa kawaida kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko Arusha, kwenye ardhi yetu wenyewe.

Watakaosema "mila zetu" nawaomba wavuke daraja la Mto Songwe pale Kasumulu. Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu wa damu, lugha tunaelewana. Malawi ilitunga sheria ya mirathi 2011, na kumpora mjane mali kule ni kosa la jinai. Kenya wameandika kwenye Katiba yao ya 2010 kwamba mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Ni wazungu hao?

Naheshimu kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, imefikia watu ambao mimi nisingewafikia. Lakini wakili hata awe mzuri kiasi gani, akikaa na mjane chini ya hema atamsomea sheria iliyopo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na hiyo ndiyo ngao yetu kubwa huku. Kwenye mirathi upande wa pili wanakuja na tangazo la 1963, mnaanza kubishana upya. Na utafiti wa UKIMWI wa 2016/17 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa yote. Kila mtu huku anajua hiyo imetuachia wajane wangapi, wengi bado vijana.

Tunaanza kukusanya sahihi Tukuyu, Kyela, Mbeya mjini na Mbozi. Wa Iringa na Njombe mkituunga mkono itakuwa vizuri zaidi. Tunadai vitu vitatu. Tangazo Na. 436 lifutwe na itungwe sheria moja ya mirathi inayofuata Itifaki ya Maputo. Mkataba ukiridhiwa, muswada wa kuuingiza kwenye sheria zetu upelekwe bungeni ndani ya muda uliowekwa kisheria. Na mlango wa Arusha, wa mwananchi kwenda Mahakama ya Afrika, ufunguliwe tena. Kila mbunge wa mikoa yetu atapelekewa barua, na majibu yao nitayaweka hapa hapa kwenye uzi, atakayekaa kimya nitaandika kwamba amekaa kimya. Mawakili mliopo Mbeya na Iringa mnaoweza kusaidia kuandika rasimu, niandikieni pembeni leo.