Mjadala: Je, hofu ya bibi humfikia mjukuu kwa damu?

Mleta mada:

Kwenye kikao cha wazazi hapa Kigoma, mwalimu aliulizwa kwa nini binti mmoja wa darasa la nne hashiki kusoma na hushtuka kila mlango ukibamizwa. Akajibu: "Bibi yake alivuka ziwa mwaka 1996 akikimbia vita Kongo, tena akiwa na mimba ya mama wa huyu mtoto. Sayansi imeshathibitisha kuwa hofu huingia kwenye vinasaba. Tumchukulie hivyo hivyo." Wazazi wakaitikia. Mimi napinga.

Nianze na lililo kweli. Jeni zenyewe, yaani vinasaba, hazibadiliki kwa hofu, ila mwili hubandika juu yake alama za kikemikali, mojawapo ikiitwa metili, zinazochangia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Hiyo ndiyo epijenetiki, na hata kujifunza kunapitia humo. Mwaka 2007 Courtney Miller na David Sweatt, huko Alabama, walionyesha kuwa panya akifunzwa kuogopa mahali fulani, metili hubadilika kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu. Walipozuia kimeng'enya kinachobandika metili, fundisho halikushika.

Tatizo ni pale watu wanaporuka kutoka kwa panya aliyefunzwa hadi kwa mjukuu wa mkimbizi. Wanaotetea hutaja utafiti wa Brian Dias na Kerry Ressler, Atlanta, uliochapishwa mwaka 2014: panya madume walifunzwa kwa shoti ya umeme kuogopa harufu ya asetofenoni, na wana na wajukuu wao, ambao hawajawahi kuinusa, wakawa wepesi kuihisi. Nilipousoma mara ya kwanza nilishika kichwa. Lakini mwaka huohuo Gregory Francis alihoji takwimu zake, akisema majaribio yalifaulu mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa idadi ile ya panya. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba zaidi. Rachel Yehuda wa New York aliwapima Wayahudi 32 walionusurika mauaji ya Wanazi pamoja na watoto wao 22, akakuta metili imebadilika kwa wazazi na kwa watoto, ila watoto hao walilelewa na wazazi haohao. Utatenganishaje damu na malezi?

Isitoshe, alama nyingi hufutwa mbegu na mayai yanapoundwa, zikafutwa tena mimba inapotungwa. Anayedai hofu inavuka vizazi atuonyeshe imepenyaje.

Mkunga mstaafu:

Mwanangu, umesema vizuri ila umenirukia mimba. Mwaka 1944 hadi 1945 Wajerumani waliwafungia chakula Waholanzi. Watu waliotungwa mimba katika njaa ile walipimwa miaka 60 baadaye, wakakutwa na metili pungufu kwenye jeni iitwayo IGF2 kuliko ndugu zao wa tumbo moja. Na si Ulaya tu. Hapo Goma, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima akina mama 25 na vichanga vyao. Mateso ya vita yalipozidi, mtoto alizaliwa na uzito mdogo, na metili iliongezeka kwenye jeni ya kipokezi cha kotisoli, homoni ya msongo.

Sasa fikiria bibi huyo ndani ya mtumbwi. Tumboni mna binti, na binti akiwa tumboni tayari hujenga mayai yake. Vizazi vitatu viliyumba pamoja ziwani. Mkiwaambia watu haijathibitishwa, nani atamjali mjamzito aliye kambini?

Mleta mada:

Shikamoo mama. Hapo umenibana, na nakubali: mimba ile iliguswa, na yai lililomzaa binti huyu huenda liliguswa pia. Ila kuguswa moja kwa moja si kurithi. Kwa upande wa kike, wa kwanza ambaye hakuwamo mtumbwini kwa namna yoyote ni kitukuu, na kwa binadamu hatujamwona kitukuu wa kuthibitisha jambo hilo.

Halafu kuna panya wa Michael Meaney na Moshe Szyf, Montreal, 2004. Vitoto vya mama asiyelamba sana wanawe hukua vikiwa na hofu, na alama zake huonekana kwenye jeni ileile ya kotisoli. Vikihamishiwa tangu kuzaliwa kwa mama anayelamba sana, vinapata alama za mama mlezi. Hata kwa panya wakubwa, dawa iliweza kuzigeuza. Nakuunga mkono kabisa kuhusu mjamzito wa kambini, alindwe kwa chakula na usalama. Ninachokikataa ni lile "tumchukulie hivyo hivyo".

Kwenye kikao kile hakuna aliyetaja kwamba nyumbani kwa binti huyo wanazungumza Kibembe, si Kiswahili, wala kwamba anakaa dawati la mwisho na hukunja uso akitazama ubao. Nimeshaongea na mama yake. Jumatatu tunampeleka kupimwa macho.