Uhaba wa walimu Marekani ni wa mdomoni tu. Hama jimbo na leseni yako uone

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Mods, msiupeleke jukwaa la ajira, sitafuti kazi. Kazi ipo. Ndiyo maana nina hasira.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Shahada ya kwanza nilichukua Mlimani, nikashika chaki sekondari ya kata kwa muda, halafu maisha yakanileta Marekani. Huku nikaanza upya kwa adabu zote. Vyeti vikapelekwa kwa kampuni ya kulinganisha elimu za nje, nikasoma uzamili wa ualimu, nikafanya mazoezi ya kufundisha bila senti pamoja na vijana wa miaka 22, nikafaulu mitihani yao, nikapewa leseni kamili. Si ya muda, si ya dharura. Nimefundisha shule ya umma karibu miaka tisa na hakuna tathmini hata moja iliyonikuta na doa.

Shemeji yenu ni nesi. Akapata nafasi nzuri hospitali ya jimbo jingine, mbali na barafu. Tukakaa, tukapiga hesabu, tukasema twende, kwa sababu kila taarifa ya habari unayofungua wanalia hawana walimu, na hisabati haikosekani kwenye orodha za masomo yenye upungufu. Majimbo sitayataja, nililotoka wala nililofikia. Faili langu bado liko mezani kwa watu na sitaki lishushwe chini ya rundo.

Sasa angalieni. Leseni ya shemeji yenu iko chini ya ule mkataba wa manesi unaounganisha majimbo zaidi ya 40. Alifika, akajaza fomu za kubadilisha makazi, akaingia wodini. Mtu anayepima dozi ya dawa ya moyo anaaminika kuvuka mpaka. Mimi wa kutafuta x nikaambiwa nisubiri.

Wakaanza na transkripti, yaani rekodi za alama za chuo. Zije moja kwa moja kutoka chuoni, zilizo mkononi mwangu hazifai. Ya uzamili ilikwenda kwa mtandao, haikusumbua. Ya Dar ndiyo ikawa kesi. Ile tathmini ya vyeti vya nje niliyofanyiwa mwanzo hawaitaki, kampuni iliyoifanya haimo kwenye orodha yao, nifanye nyingine. Shahada ni ile ile, chuo kile kile, alama hazijabadilika tangu ziandikwe. Nikalipa tena. Mdogo wangu ndiye aliyepanda daladala hadi chuoni kusimamia bahasha ifungwe na mhuri upigwe pale inapofungiwa. Mungu ambariki, maana mimi huku nilikuwa napiga simu za saa nane usiku.

Vidole navyo, vile vya kukagua kama una rekodi ya uhalifu. Vilishachukuliwa na jimbo la kwanza, vikaenda FBI, vikarudi safi. FBI ni ya nchi nzima, au siyo? Lakini majibu yale hubaki kwa ofisi iliyoyaomba, hayahamishiwi kwa jirani. Nikaenda tena, nikalipa tena, vidole ni vile vile kumi.

Halafu mtihani. Kwa msiojua, Praxis, mtihani wa kupatia leseni ya ualimu, unatumika majimbo mengi, ila kila jimbo linajipangia alama yake ya kufaulu. Karatasi moja, majibu yale yale, umefaulu ng'ambo hii ya mto na umefeli ng'ambo ile. Na majimbo makubwa mengine yana mitihani yao kabisa: Texas wana TExES, Florida wana FTCE, Massachusetts wana MTEL, California nao wana ya kwao. Arizona na Nevada wanataka uonyeshe kwamba unaijua na katiba ya jimbo. Mimi nimeambiwa mtihani wangu wa hisabati, niliofaulu na nikafundishia miaka yote hiyo, si wa kwao. Tena leseni yangu inasema darasa la 5 hadi la 12, na huku wamekata madarasa kwa mafungu tofauti, kwa hiyo nichague fungu moja nilifanyie mtihani. Jingine nitalifanyia nikiwa na hela.

Haya yote ningeyameza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mgeni anakuja, mwenyeji anamkatia risiti, basi, ndiyo ugenini.

Kilichonitoa povu ni hiki.

Kuna shule ya umma karibu na tunapokaa, imekosa mwalimu wa hisabati tangu mwaka wa masomo uanze. Nikaitwa kwenye usaili. Mkuu wa shule, mama mmoja makini sana, akanipa kipindi nifundishe akiwa amekaa nyuma. Nilipomaliza akaniuliza naweza kuanza lini. Nikaondoka pale natembea kifua mbele. Baadaye ofisi ya ajira ya wilaya ikanipigia: samahani, leseni ya jimbo haijatoka, hatuwezi kukuajiri kama mwalimu. Ila tunaweza kukuchukua kama sabu, yaani mwalimu wa kujazia nafasi, wa muda mrefu.

Nikauliza, sabu wa darasa gani? Lile lile. Ratiba ile ile, vipindi vile vile, watoto wale wale. Nitaandaa masomo, nitasahihisha, nitakaa vikao na wazazi, nitatunga mitihani ya muhula. Malipo ya kutwa. Hakuna bima ya afya, hakuna pensheni, na shule ikifungwa Krismasi hulipwi kwa sababu hukuja kazini.

Hivi jamani. Kama mimi bila leseni yao ni hatari kwa watoto, hatari hiyo inapungua vipi mshahara ukipungua?

Hilo swali nilimuuliza yule dada wa ajira, kwa upole kabisa, kwa Kiingereza changu cha vikao. Akasema anaelewa ninavyojisikia. Hawa watu wakisema wanaelewa unavyojisikia jua mazungumzo yameisha.

Na shuleni pale pale, mlango wa pili, kuna kijana kamaliza shahada ya biashara juzi tu. Hajawahi kusimama mbele ya darasa maishani mwake. Kaingia kwa programu ya njia mbadala, ana kibali cha muda, analipwa mshahara kamili wa mwalimu anayeanza, na bima juu. Simlaumu, ni kijana mwenye heshima, siku ya usaili aliniomba nimwelekeze jinsi ya kufundisha hesabu za sehemu (fractions). Nikawaambia wa ajira, basi niingizeni kwa mlango wa yule kijana. Wakasema haiwezekani, ule mlango ni wa watu ambao hawajasomea ualimu. Wewe umeshausomea.

Rudia kusoma hapo. Kosa langu ni kusomea ualimu.

Na msidhani ni kwetu tu. Texas, kwa takwimu za serikali yao wenyewe, theluthi moja hivi ya walimu wapya walioajiriwa mwaka wa masomo 2023–24 hawakuwa na cheti chochote cha ualimu. Sheria ya 2015 ndiyo iliyozifungulia wilaya za shule mlango wa kujiondoa kwenye sharti hilo. Kwa hiyo huu wimbo wa "tunalinda ubora" tusidanganyane. Karatasi inalegezwa pale inapopunguza gharama na kukazwa pale inapopunguza gharama.

Haya, tuseme leseni imetoka kesho. Bado kuna mshahara. Wilaya nyingi za shule zina ukomo wa miaka ya kazi ya nje wanayoihesabu wanapokupanga kwenye ngazi. Mimi nimeambiwa mitano. Minne imeyeyuka. Miaka ya Bongo ndiyo kabisa, wanataka fomu yenye sahihi ya mwajiri wa wakati ule. Afisa elimu wa wakati ule alishastaafu, na halmashauri yenyewe imegawanywa. Mtu amepigania kupanda daraja mwaka hadi mwaka, kavuka mpaka na gari la kukodi lenye makochi, kashushwa bila kosa la kinidhamu.

Pensheni ndiyo inayouma kimya kimya, na walimu wengi hawaijui mpaka wanapohama. Kila jimbo lina mfuko wake na kila mfuko una miaka yake ya kukaa kabla hujawa na haki ya mafao. Texas ni 5. Illinois, kwa walioanza kazi kuanzia 2011, ni 10. Ukiondoka kabla ya hapo unachukua ulichokatwa wewe, mchango wa mwajiri unabaki huko. Na kuna majimbo kama California, Illinois, Massachusetts na Ohio ambako mwalimu hakatwi kabisa ile hifadhi ya jamii ya taifa, Texas nako wilaya nyingi ni hivyo hivyo. Mpaka Biden aliposaini sheria Januari 2025, uliyewahi kukatwa jimbo moja na kulipwa pensheni ya jimbo jingine ulikuwa unapunguziwa mafao ya taifa. Hilo angalau limeondoka. Anayehamahama bado anazeeka na vipande vya pensheni.

Najua kuna mtaalamu anaandika sasa hivi kwamba makubaliano kati ya majimbo yapo. Nayajua. Yale ya zamani ya NASDTEC, chama cha ofisi za majimbo zinazotoa leseni za walimu, hayahamishi leseni ya mtu, yanaeleza tu jimbo liko tayari kuzipokea karatasi za nani na kwa masharti gani, kisha masharti yanaanza. Mkataba mpya wa walimu ndio wenye meno kidogo, ulitimiza majimbo 10 mwaka 2023: Alabama, Colorado, Florida, Kansas, Kentucky, Nebraska, Nevada, Oklahoma, Oregon na Utah. Safi sana. Sasa hesabu hapo una ndugu wangapi Nebraska. Texas, California na New York, kwenye utitiri wa shule, hawakuwemo. Sisi pia hatukuwemo.

Halafu kuna sheria ya taifa ya Januari 2023 inayotaka leseni za wanajeshi na wenzi wao zitambuliwe wanapohamishwa kituo. Ni haki yao, wala siwaonei wivu. Lakini inaonyesha kwamba wakitaka inawezekana. Mwalimu yule yule, mtihani ule ule, vidole vile vile, mume akivaa gwanda karatasi zinasomeka.

Wale wa "rudi nyumbani" nimeshawaona kwa mbali. Ndugu zangu, uhamisho wa Bongo naujua. Nimeona matangazo ya "natafuta wa kubadilishana naye, niko Kasulu nataka Moshi" yakiwekwa mwaka hadi mwaka na mtu yule yule. Mume Newala, mke Geita, watoto kwa bibi. Sijasahau. Lakini ugomvi wa kule ni kituo na kibali. Hakuna afisa elimu wa Lindi aliyewahi kumwambia mwalimu wa Mwanza kwamba cheti chake hakisomeki Lindi, akafanye mtihani wa Lindi. Wakenya nao namba ya TSC, tume yao ya walimu, ni moja, Turkana mpaka Kwale.

NYONGEZA: Mnaouliza kuhusu walimu wa viza za J-1 (ya mabadilishano) na H-1B (ya kazi), hao hata haya malalamiko yangu ni anasa kwao. Wa J-1 amefungwa kwa shule iliyompokea na ana miaka 3, akiongezewa ni 2 tena. Na Septemba 2025 maombi mapya ya H-1B ya mtu aliye nje ya nchi yaliwekewa ada ya dola 100,000. Niambie wilaya gani ya shule italipa hiyo kumleta mwalimu wa fizikia kutoka Iringa.

NYONGEZA 2: Dada wa Ohio anayepanga kuhama Juni. Usisubiri ufike. Omba leseni ya huko ukiwa bado unalipwa hapo ulipo. Fomu ya miaka ya kazi isainiwe kabla hujaaga, ukishaondoka hakuna anayekukumbuka. Matokeo ya Praxis yapakue yote sasa, ETS, wenye mtihani huo, wanayatunza miaka 10 tu. Na kwenye usaili uliza mapema wanahesabu miaka mingapi ya nje, wakijibu "inategemea" waombe waandike.

NYONGEZA 3: Mkuu uliyeniambia nichukue usabu nisiwe na kiburi, maana watoto hawana mwalimu. Nimekusoma, hata shemeji yenu kasema maneno yanayofanana na yako. Lakini nikiingia kwa malipo ya kutwa, hilo darasa si tatizo la mtu tena. Lina mtu, anafundisha, ni rahisi. Nani ataharakisha faili langu? Mkuu wa shule nimemwandikia kwamba niko tayari kuanza siku yoyote kwa mkataba wa mwalimu, hata wa muda, kwa ngazi ya chini kabisa kama ya yule kijana wa biashara. Amejibu anapambana na ofisi ya juu. Namwamini.

Ninachotaka humu ni kimoja. Kama kuna mwalimu aliyekatiwa miaka yake, akakata rufaa wilayani na ikarudishwa, hasa ile ya Tanzania au Kenya, aniambie nani alisaini ile fomu na aliambatanisha nini. PM iko wazi.