Aliyenirudishia jero yangu mbele za watu pale Mwanjelwa: siku Zidane akitua Man U utanitafuta!

Wakuu, heri yenu mliokula mkashiba. Mimi ugali umenikwama kooni tangu jioni na usingizi sina, kwa hiyo nafungua uzi.

Yule bwana wa kibanda umiza pale Mwanjelwa. Jina silitaji, wote mnamjua. Yule wa koti refu lisilovuliwa hata jua la Oktoba likiwaka, anayeivalisha rimoti nailoni, na akianza kuchambua mpira hata makocha wa Ulaya inabidi wachukue daftari. Huyo huyo. Leo KANIRUDISHIA JERO YANGU. Mbele za watu. Mapumziko, kibanda kimejaa hadi mlangoni, mimi nimelipa kiingilio kama wengine, nimekaa kwenye benchi langu, simdai wala hanidai.

Ilianza hivi. Tuko nyuma mbili bila, sisi Man U. Jamaa mmoja nyuma yangu akasema Man U imekwisha, hakuna kocha mwenye kombe mkononi atakayekubali kwenda pale. Nikajibu kwa upole kabisa, na mashahidi ninao: "Zidane anaweza kuja." Maneno matatu tu! Namsema yule kocha wa zamani wa Real Madrid. Sikumtukana mtu na sikugusa timu ya mtu.

Yule bwana akazima sauti ya TV. Wakuu, mtu huyu hazimi sauti hata matangazo ya pombe, lakini kwangu alizima, ili Mwanjelwa nzima mpaka Kabwe wasikie. Akauliza, "Nani kasema Zidane?" Nikanyoosha mkono, sina cha kuficha. Akaja. Akafungua kile kikopo cha hela, akachokonoa sarafu moja ya mia tano, akaifutia kwenye koti, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole kimoja kimoja kama anampa mtoto dawa. Halafu akasema, "Shika nauli yako kijana, wahi Songwe uwanja wa ndege ukampokee Zidane wako. Mwambie mechi yake ya kwanza ni na Grimsby." Grimsby, kile kitimu cha daraja la nne kilichotutoa Kombe la Ligi!

Kibanda kikalipuka. Watoto wa darasa la nne waliokaa mbele kwenye ndoo wanacheka. Yule mama wa mihogo aliyeko NJE, ambaye hata TV haioni, anacheka. Bodaboda wanapiga honi. Na jero yenyewe kutoka Mwanjelwa haikufikishi Songwe, kwa hiyo hata tusi lenyewe kalipiga bila hesabu!

Sasa nimuulize huyu mchambuzi wa koti, maana najua huwa anapita humu kusoma bila kuchangia. Ferguson alipofika Man U Novemba 1986 alitoka wapi, kijiweni? Alitoka Aberdeen akiwa na ubingwa wa Scotland mara 3 na Kombe la Washindi Ulaya la 1983, fainali kamfunga Real Madrid 2-1. Aliikuta Man U nafasi ya ngapi? Ya 21 kati ya timu 22! Ubingwa wa ligi walikuwa hawajauonja tangu 1967. Akaja. Akakaa. Mwaka 1993 akauchukua, na alipostaafu 2013 alikuwa ameuchukua mara 13. Angekuwepo bwana wa koti pale Old Trafford siku ile, si angemrudishia nauli ya treni arudi Aberdeen?

Klopp alikabidhiwa Liverpool Oktoba 2015 iko nafasi ya 10. Conte aliichukua Chelsea iliyotoka kumaliza ya 10, msimu wa kwanza tu bingwa. Akaenda Napoli 2024, nayo imetoka kumaliza ya 10, bingwa tena 2025. Na huyo Zidane mwenyewe! Alikuwa kapumzika na makombe yake 3 ya Ligi ya Mabingwa Ulaya (UEFA) mfululizo, Machi 2019 Madrid imetoka kupigwa 4-1 na Ajax nyumbani kwake, akarudi kwenye moto ule ule, 2020 akabeba ligi. Kocha mkubwa anajua timu kubwa iliyoanguka ndiyo inayomwandikia jina. Ukiikuta bingwa utasifiwa kwa lipi?

Lakini nani alinipa nafasi ya kusema haya? Vidole vyangu vilikuwa vimekunjwa! Mtu mzima, nina mke, nina watoto wawili, nakunjwa vidole! Angenitukana tu ningevumilia. Angesema timu mbovu, ningenyamaza, msimu wa 2024/25 tulimaliza ya 15 na ninaijua hiyo namba kuliko namba yangu ya NIDA. Ila kurudishiwa jero, tena IMEFUTWA kwenye koti...

Nilitoka. Kipindi cha pili sijakiona. Naomba wana Mbeya wote wenye utu wasiingie pale mpaka aombe radhi, tena kwa sauti ya TV ikiwa imezimwa vile vile.

Mtoto wa Soweto:
Mkuu nilikuwepo 😂😂 nilikuwa benchi la pili. Umesahau kusema kwamba ulitoka NA ile jero.

Mwenye uzi:
Ni yangu. Ningeiacha kwa nini?

Mnyalukolo wa Kihesa:
Kamwene ndugu zangu. Kwa hiyo umeona kipindi cha kwanza bure na bado unalalamika? Nyie watu wa Mbeya mnadekezwa. Huku Iringa ukitoka ni umetoka, hela haina mapumziko.

Rungwe Asilia:
Ugonile mkuu, pole sana. Ila kwenye hoja mwenye kibanda yuko sahihi, kakosea namna tu. Wewe unahesabu wanaokwenda na kufanikiwa. Mbona huwataji waliokuja huko huko kwenu? Van Gaal alikuwa na UEFA ya 1995, akawapa Kombe la FA 2016, siku mbili baada ya fainali wakamfukuza. Mourinho alikuja na UEFA mbili, Desemba 2018 kaondoka kanuna. Amorim aliiacha Sporting imeshinda mechi zote 11 za ligi, ni bingwa mtetezi, anapendwa kama mfalme, ndiye aliyewamalizia nafasi ya 15. Zidane anaona haya yote, ana TV kwake na hamlipi mtu jero.

Mwenye uzi:
Sasa Rungwe hapo umenisaidia mimi! Van Gaal alikuja. Mourinho alikuja. Amorim alikuja. Swali lilikuwa ATAKUJA AU HATAKUJI, halikuwa atadumu miaka mingapi. Makocha wenye makombe WANAKUJA. Na hata ningekuwa nimekosea, mtu aliyekosea anarudishiwa kiingilio kwa kukunjwa vidole?

Chunya Dhahabu:
Atakuja au hatakuji 😂 mkuu punguza presha kwanza, Kiswahili kinakukimbia.

Dada wa Makambako:
Kaka yangu Zidane tangu aondoke Madrid 2021 hajafundisha klabu yoyote. Timu ngapi zimepita zikimwita? Kocha Deschamps mwenyewe alishasema anaiachia timu ya taifa ya Ufaransa baada ya Kombe la Dunia 2026. Jumlisha mwenyewe. Hiyo jero nunua mhogo.

Kinyiha Original:
Kwani lazima twende Ulaya? Tuna mfano wetu. Nabi aliipa Yanga ubingwa wa ligi mara mbili na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Baadaye kaenda wapi? Kaizer Chiefs! Timu kubwa kuliko zote kwa mashabiki kule Afrika Kusini, imetoka kumaliza ya 10, kombe hawajaliona tangu 2015. Alikwenda kwa miguu yake, na Mei 2025 kawapa kombe la Nedbank Cup kwa kuwafunga Orlando Pirates 2-1, mahasimu wao kabisa. Mwenye uzi hoja yako ilikuwa hapo, ukakimbilia Scotland.

Mwenye uzi:
KINYIHA MUNGU AKUBARIKI. Hii ndiyo ilikuwa ya kumjibu pale pale! Nabi! Ilikuwa mdomoni kabisa, ila alishaanza kukunja kile cha shahada.

Jangwani Mbeya:
Mkimtaja Nabi mtaje na ligi, kamaliza ya 9 kule kule. Aliondoka peponi. Sisi tuliobaki tukaendelea kubeba ligi mpaka 2025, wengine huku ubingwa wao wa mwisho ulikuwa 2021 na kila mwaka wanajenga timu 💚💛

Mnyama wa Uyole:
Tumeingia. Nilikuwa najiuliza mtachukua dakika ngapi. Sisi tulikuwa fainali ya Shirikisho 2025, nyie mlikuwa mnaangalia wapi? Kwenye kibanda?

Jangwani Mbeya:
Fainali si kombe. Muulize Berkane aliyewafunga.

Mwenye uzi:
Jamani uzi wangu si wa Simba na Yanga. Nimedhalilishwa mimi hapa.

Purple Nation Iyunga:
Uzi wowote wa kocha hapa Mbeya bila kumtaja Mwambusi ni batili. Mbeya City yake imepanda Ligi Kuu 2013, msimu huo huo wa kwanza kaifikisha nafasi ya 3 nyuma ya Azam na Yanga. Nani aliyekuwa anatujua? Uwanja wa Sokoine palikuwa hapaingiliki, watu wanatoka Tukuyu na Vwawa kwa fuso. Halafu? Yanga wakamchukua akawe msaidizi. MSAIDIZI! Ndivyo mpira ulivyo, kocha akifanya vizuri anapanda ngazi, hashuki kwenda kuokoa mtu. Mpaka leo ile inaniuma kuliko jero ya mtu.

Magereza Damu:
Sokoine hapaingiliki tukiwa hatuchezi sisi. Nyie City mlishuka daraja 2023, sisi Tanzania Prisons tulikuwepo mkituaga.

Purple Nation Iyunga:
Prisons mnacheza mpira wa kulinda lango kama bado mko lindoni. Mashabiki wenu wanajaa bajaji moja.

Rungwe Asilia:
Nyote kaeni chini. Kombe la Ligi Kuu Bara lililokuja mkoa wa Mbeya lilikuja Tukuyu, 1986. Tukuyu Stars. Mwaka huo huo Ferguson anaanza kuhangaika Man U, sisi tumeshamaliza kazi. City hamna, Prisons hamna.

Chunya Dhahabu:
Mzee wetu wa Rungwe, 1986 hata mwenye uzi hajazaliwa.

Mwenye uzi:
Nimerudi. Nimeambiwa na mtu aliyeko pale sasa hivi kwamba bwana wa koti kasomewa uzi huu wote, kacheka, na kaandika kwa chaki kwenye ule ubao wa ratiba mlangoni: "ZIDANE ANAINGIA BURE." Wakuu mnaona? Mnaona mtu alivyo? Kwanza vidole, sasa ubao!

Mtoto wa Soweto:
Nimetoka kuupiga picha 😂😂😂 kauandika chini ya mechi ya Jumapili, na katika mabano kaweka "aje na kitambulisho".

Dada wa Makambako:
Jamani mimi nimeshindwa kulala kwa kucheka, mume wangu anauliza Zidane ni nani.

Mnyalukolo wa Kihesa:
Angalau wa kwenu anaandika ubao. Wa kwetu hapa Kihesa penalti ya Arsenal inakwenda kupigwa, kabadilisha chaneli aangalie taarifa ya habari kwa sababu shemeji yake kahojiwa bei ya mahindi. SHEMEJI. MAHINDI. Tuliporudi mpira uko kati, hatujui ni goli au kakosa, na kila simu iliyokuwa mle haina bando.

Kinyiha Original:
Haya ndiyo malalamiko ya kweli sasa. Penalti kabisa?

Mnyalukolo wa Kihesa:
Penalti kabisa, kaka. Na shemeji mwenyewe alionekana sekunde tatu, nusu ya uso.

Mnyama wa Uyole:
Wa hapa Uyole mvua ikinyesha dishi linagoma, na yeye anasema mvua si kosa lake kwa hiyo hela hairudi. Machi yote tumelipia kuangalia chenga za rangi ya bluu.

Magereza Damu:
Tunduma ndiyo usiseme. Nusu ya kibanda wanataka mtangazaji wa Kizambia, nusu wa Kiswahili, wanaamua kwa kupiga kura kila mechi. Mara ya mwisho kura zililingana tukaangalia bila sauti.

Mwenye uzi:
Kwa hiyo hakuna anayeniunga mkono kuhusu kususia?

Purple Nation Iyunga:
Mnyalukolo, ile penalti aliyepiga ni nani? Nikutafutie kama iliingia.

Mnyalukolo wa Kihesa:
Ndiyo nakwambia, hatukumwona hata mpigaji! Alikuwa anaweka mpira chini tu, shemeji akatokea na gunia.