Tupeane uzoefu: mikorosho ya mama, jina la nani kwenye daftari la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima)?

Ndugu zangu wa kusini mwa Tanzania, kabla minada ya korosho ya Oktoba haijaanza tuliseme hili. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo tunaufuata kwa mama. Wageni wakisikia hivyo wanadhani mwanamke wa huku keshamaliza shida. Ardhi anayo, ni kweli. Lakini siku hizi malipo ya korosho yanaingia benki, kwa jina lililoandikwa kwenye chama cha msingi.

Naanza mimi, Newala. Shamba letu lilipandwa na bibi mzaa mama. Baba alipuliza salfa, dawa ya mikorosho. Kuokota, kunyofoa korosho kwenye mabibo, kuanika na kubeba hadi ghalani ni mama na sisi mabinti. Karani aliuliza, "Mkuu wa kaya nani?" Hakuuliza mwenye shamba. Akaandikwa baba. Alipooa mke wa pili, korosho za bibi zikaezeka bati kwa bi mdogo, na mama hakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha. Inaniuma mpaka leo.

Kaka, Tandahimba:
Mimi nilihamia ukweni, kama walivyofanya babu zetu. Kijiweni wananiambia, "Wewe umeolewa." Nilipomwandikisha mke wangu ndiyo wakazidi. Waseme. Shamba ni la kwao.

Dada, Masasi:
Kwetu tatizo alikuwa mjomba. Mama alipofariki, yeye ndiye wa kututunzia mali, akawaandikisha wanawe, ambao kwa mila zetu ni wa ukoo wa mama yao! Nikaenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Kisheria wajumbe ni 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Mmoja wa akina mama hao akasema twende shambani. Akamwambia mjomba, "Tuonyeshe mpaka." Mjomba akazunguka weee, akaonyesha njia ya ng'ombe. Mimi nikawapeleka moja kwa moja kwenye mwembe uliopigwa radi, ambapo mama alikuwa akitupumzisha na ndoo zetu. Shamba likarudi.

Mama, Kilwa:
Huku kwetu mirathi ni ya Kiislamu, binti anapata nusu ya fungu la kaka yake. Hata hiyo nusu ya minazi wengine wanaambiwa, "Utakula kwa mumeo."

Mama, Ruangwa:
Unyagoni nilifundwa adabu, usafi na kumtunza mume. Kusoma stakabadhi sikufundwa. Wavulana wakitoka jandoni wanajua pesa ni ya kwao. Binti yangu anaingia unyagoni likizo hii, nikamwomba kungwi aongeze somo la pesa na shamba. Akanijibu nyimbo amezipokea kwa bibi yake, hazigusi. Ila siku ya kumtoa mwali atanipa nafasi niseme mwenyewe, mbele ya akina mama wote. Nisaidieni, nianzie wapi?

Mwanzisha mada:
Mama wa Ruangwa, anzia hapa: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, inaweza kubeba majina mawili, la mke na la mume. Waambie waulizie ofisi ya kijiji. Wengine endeleeni, hasa akina kaka mlioandikisha wake zenu: mlianzaje mazungumzo nyumbani?