ATI "SI USHAFAHAMU LAKINI?" Huyu bwana wa matangazo ya mtaani atatumaliza

Funguni_Chini (mleta uzi)

Wakuu, nnaandika mkono unatetemeka. Nimengoja maziko yapite, hitima isomwe, wageni watawanyike, ndiyo nimekaa na simu. Nivumilieni.

Yule bwana mnamjua. Simtaji. Kila mtaa wa Mjini hapa Unguja una wake, ila wetu kazidi. Ndoa, katangaza yeye. Maulidi, yeye. Maji yamekatika, yeye. Mbuzi wa watu kapotea, katangaza kabla mwenye mbuzi hajajua. Hakuna aliyemchagua, alikuta kundi la mtaa liko wazi akajikalia.

Juzi ami yangu kafariki, Mungu amrehemu. Nyumba inalia, mimi nahangaikia sanda, huku bwana keshawahi simu. Nanakili herufi kwa herufi, nisije nikaambiwa nimemzulia:

"TANZIA. mzee we2 ame tutoka. Maiti ata sali laasiri apo msikitini alaf ata elekea mwana kwerekwe. wote 2naombwa kuuzuria"

Maiti atasali. Maiti. ATASALI. Halafu ataelekea Mwanakwerekwe, sijui kwa miguu au kwa daladala, tangazo halikufafanua. Mtu katangulia mbele ya haki, mwenzetu kamtia udhu kamsimamisha safu ya mbele.

Shangazi yangu yuko Maskati. Kapiga simu analia na kuhema: "Mwanangu, kwani kazinduka?" Nimjibu nini? Binamu yangu wa London keshakata tiketi, anauliza aje au asubiri kwanza ijulikane.

Nikamwandikia kwa adabu, pale pale kundini, adabu niliyofundishwa chuoni kwa bakora: "Shekhe, tafadhali rekebisha, ni atasaliwa." Basi. Sikumtukana, sikumcheka. Haikupita dakika. Jibu lake:

"we si ushafahamu lakini?"

Na kidole gumba. Na kile kiuso kinachocheka mpaka machozi. Siku ya maziko!

Si ushafahamu lakini! Wallahi bora angenizaba kofi, ningejua pa kushika. Na watu wakampa vidole gumba, wengi, hata jirani ambaye jiko letu la mkaa liko kwake tangu Ramadhani. Ndiyo nimefahamu, bwana wee. Nimefahamu kwa sababu maiti ni wetu! Shangazi hakufahamu!

Na angekuwa mgeni nisingesema neno. Mzungu wa Nungwi akiniandikia "jambo rafiki" namwitikia na maji nampa. Huyu kazaliwa hapa, skuli kasoma hapa, mama yake mzazi akifungua mdomo unatamani uchukue daftari. Kiunguja cha mjini hapa ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kule Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Watoto wa Kigoma na Kisumu wanafeli mtihani kwa lugha ya nyanya zetu. Na sisi wenyewe ndiyo hivi: "apa", "uyu", "abari", "ela". H imemkosea nini? Nafasi nazo anazimwaga kama mtu anayepangisha vyumba, kila kiambishi na chake: "ni me ku ja". Ukimaliza kusoma umechoka utadhani umetembea.

Mwezi uliopita alitangaza ndoa ya kijana wa nyumba ya pili: "bwana harusi ana olewa Ijumaa". Kumbe ile WA anayo! Anayo bwana, ila anaigawa anapotaka yeye. Bwana harusi kapewa, ami yangu kanyimwa.

Si ushafahamu lakini. Nimeshindwa kulala.

---

Kibaraza_cha_Mkunazini

Pole kwa msiba, ndugu. Ila hapo kwenye daladala nimemwaga chai, na shati lilikuwa jeupe.

Mkaanga_Mbata

Ami yako alikuwa mtu wa msikiti. Muache asali.

Bi_Kikwajuni

Mtu kafiwa, badala ya kwenda kukaa na wenzake barazani kashika simu anasahihisha insha. Ulikuwa unatafuta sanda au kalamu nyekundu?

Funguni_Chini

Bi Kikwajuni, sanda niliipata mapema. Soma uzi. Kosa la kwanza nilikwisha kulimeza. Nnalolilia ni lile JIBU. Na kile kiuso.

xule_wa_Amani

aca xtress kaka mbna 2naelewana 2. xaxa unataka 2andike km gazeti? ucku mwema

Funguni_Chini

Na wewe nakujua. Wewe ni mpwa wake.

xule_wa_Amani

xiyo mpwa. ni mkwe

Mpemba_wa_Konde

Yakhe, mie huu uzi nausoma kwa raha zangu. Nyinyi watu wa Mjini Mpemba akisema "vombo" na "vakula" mnashikana mbavu mpaka mnaanguka. Leo mwana wenu mwenyewe katafuna viambishi, mnataka taifa zima lilie. Na hiyo 1928 yenu isikutieni kiburi. Waingereza walitaka lugha moja ya skuli na ofisi, wakachukua ya bandarini iliyokwisha kusambaa bara na misafara. Watu wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, walikuwa na mashairi yao makubwa, wakaambiwa ahsante. Pemba hatukuulizwa hata kwa barua.

Kae_la_Makunduchi

Hata sisi hatukuulizwa, na tuko kisiwa hicho hicho. Mtu wa Mjini akija kwetu tukazungumza Kikae anatafuta mkalimani. Halafu ndiye mwenye lugha.

Bi_Kikwajuni

Haya, washakuja wenye lahaja. Bado Tumbatu.

Jongowe_Kwetu

Tupo. Tunasoma tu.

Mwalimu_Mstaafu

Vijana, salaam. Mleta uzi, Mungu amrehemu ami yako, nilimjua.

Niseme kidogo. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hizi ABC. Mle hamna P, hamna CH, hamna V. Herufi ba peke yake ilibebeshwa b, p na hata mb, na irabu mara nyingi hazionyeshi kama ni o au u. Ukichukua barua ya zamani unasoma huku unakisia: huyu kasema "papa" au "baba"? Ni samaki au mzee? Lakini waandishi wale walikuwa na haya. Msomaji akikwama, aliyeandika ndiye anayeona aibu. Tahajia tunayogombania leo ilipangwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, Unguja pamoja na Tanganyika, Kenya na Uganda, kila kitabu cha skuli kikipita kwao. Kwa hiyo kijana aliyeandika "atasali" hakuwakosea wazee wa zamani sana, ila kile kidole gumba ndicho kilichonikera mimi. Sisi mwalimu akikusahihisha unasema "ahsante mwalimu". Hukumwonyesha kidole cha aina yoyote.

xule_wa_Amani

mwalimu fupisha bac, simu yangu kioo kidogo

Mkaanga_Mbata

Mpelekeni BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, akafunguliwe kesi.

Kibaraza_cha_Mkunazini

BAKIZA hawana pingu. Wana kamusi tu. Mnunulieni ile Kamusi ya Kiswahili Fasaha waliyoitoa 2010, mumtumie kama zawadi ya Idi.

Bi_Kikwajuni

Ni Kamusi LA Kiswahili Fasaha. Jalada limeandikwa "la".

Mbara_Mwema

Mbona ya kwetu inaitwa Kamusi YA Kiswahili Sanifu? Ya 1981 ile. Nimeisoma tangu shule.

Bi_Kikwajuni

Skuli.

Mbara_Mwema

Shule, dada.

Bi_Kikwajuni

Skuli. Na mimi si dada yako, nna wajukuu.

Mbara_Mwema

Shikamoo bibi. Ila kamusi ni ya.

Kae_la_Makunduchi

Kamusi la, makamusi ya. Kama kabati.

Kibaraza_cha_Mkunazini

Kamusi ya, kamusi za. Kama ndizi.

Mwalimu_Mstaafu

Zote mbili zimechapishwa na watu wenye akili zao. Tulieni.

Funguni_Chini

Jamani! Mnabishana jalada! Mtu kaandika MAITI ATASALI, nikamsahihisha, akaniambia SI USHAFAHAMU LAKINI. Hilo hamlioni?

Mbara_Mwema

Mkuu tumeliona. Nyie mna bahati, sisi Wasukuma R yenyewe inatuponyoka. Kila uchaguzi mjomba wangu anatangazia ukoo mzima kwamba kesho tunaamka mapema kwenda kupiga kula. Watoto wanajitokeza na sahani.

Dada_Michenzani

Wengine si wao, ni simu. Yangu imewekwa Kiingereza, nikiandika "nini" inaandika "mini". Nilimuuliza mama mkwe "unataka mini?" nikiwa dukani Darajani, kesho yake nikaitwa kikao. Kikao! Na wifi wawili na shangazi mmoja.

Mkaanga_Mbata

Ulimnunulia?

Dada_Michenzani

Nilimnunulia kanga ya kuombea radhi.

Chukwani_Upepo

Mimi naona mnapoteza muda. Anayeandika vibaya angalau kaandika. Kuna hawa wa sauti. Wifi yangu hutuma sauti ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Mwanzo anakohoa. Kisha anamfukuza kuku. Kisha anamuuliza mtu aliyeko chumbani "nlikuwa nasema nini?" na huyo mtu naye hajui. Mwisho kabisa, pumzi imemwisha, anasema "basi ntakupigia". Nimeisikiliza foleni nzima ya benki.

Dada_Michenzani

Wangu ananong'ona. Sauti yote kanong'ona, nimetia sikioni, mwisho akapiga kelele "HODI!" Sikio mpaka leo halijatulia.

Mpemba_wa_Konde

Na wale wa "Mambo"? Anaandika "mambo", unajibu "poa", ananyamaza siku nzima. Usiku anaandika "upo?" Nipo yakhe, nimekaa nakungoja tangu asubuhi, sema shida yako nikope nikukopeshe tumalize.

Chukwani_Upepo

Huyo shida yake ni pesa. Wa pesa wote huanza na "mambo".

xule_wa_Amani

cyo wote

Funguni_Chini

Natoka kwenye huu uzi muda si mrefu. Nasema mara ya mwisho: kile kiuso kilikuwa kinacheka MACHOZI, na jeneza liko ukumbini.

Bi_Kikwajuni

Mwanangu, kalale. Jiko lako ntakwenda kukudaia mimi mwenyewe kesho.

Jongowe_Kwetu

Mmewasahau wauzaji. Wale ndio wabaya kuliko wote. Picha nzuri, nguru kamwangaza huyo, jicho linang'ara, unauliza bei, jibu: "njoo ndani". Ndani wapi? Nimeuliza bei ya samaki mimi, sijaomba uchumba.

Chukwani_Upepo

Uchungu mtupu! Na ukienda huko ndani anakuuliza kwanza unakaa wapi. Ukisema Mazizini bei inapanda, ukisema Jang'ombe inashuka.

Dada_Michenzani

Mimi nasema nakaa Mwera. Kwa kila kitu. Hata nikinunua pazia.

Kibaraza_cha_Mkunazini

Kuna mmoja nilimuuliza bei ya viti akanijibu "bei ni nafuu". Nikauliza nafuu kiasi gani. "Nafuu sana."

Mpemba_wa_Konde

Karafuu tu ndiyo bei yake inajulikana, kwa sababu ni ya serikali.

Mkaanga_Mbata

Karafuu usiilete hapa, tutalala asubuhi.

Pweza_Mkavu_Mkokotoni

Asalaam alaykum wana uzi. Samahani kwa kuingilia. Nnao pweza wakavu, wamekauka vizuri, hawana mchanga, naleta mpaka Darajani kila Jumamosi. Karibuni.

Jongowe_Kwetu

Bei?

Pweza_Mkavu_Mkokotoni

Njoo ndani kaka.

Chukwani_Upepo

ANDIKA HAPA HAPA!