Mrejesho: daraja jipya la gitaa langu la besi
Nawashukuru sana nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kubadilisha daraja (kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) la gitaa langu la besi la nyuzi 4, ambalo skrubu zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Nilipima kwanza nafasi za matundu yote 5 ya skrubu, kama mlivyosisitiza, na daraja jipya likaingia bila kutoboa mbao upya. Waya wa ethi, unaogusa daraja ili kuzuia kelele za umeme, niliusafisha na kuulaza chini ya bamba la daraja, na mngurumo uliokuwepo umekwisha kabisa. Noti ya freti ya 12 (kipau cha 12 cha shingoni) iliposikika juu kuliko harmoniki yake (sauti ya uzi ukiguswa kidogo tu hapo bila kubanwa), nilisogeza kikalio cha uzi, yaani kipande cha daraja ambacho uzi hukalia, nyuma, mbali na shingo, hadi zikalingana. Uzi wa E, ule mnene kuliko zote, hata hivyo, bado umeinuka mno, kwa kuwa bamba hili ni nene kuliko la zamani na kikalio chake kimeshafika mwisho wa kushuka, kwa hiyo atakayenunua apime pia unene.